"Mtandao Hakuna" Siyo Hali ya Hewa

Wasomaji wangu, samahanini kwa ukimya. Nilikuwa Mpanda kwa wiki mbili. Mliokuwa mnanitumia ujumbe kuuliza kama nimeacha kuandika, sijaacha. Nimerudi na dukuduku. Leo nalitoa lote, na atakayekwazika karibu tujadili.

Hebu niwape kisa kwanza.

Siku ya Jumanne nilikwenda kwenye ofisi moja pale mjini. Jina la ofisi siandiki. Nikiliandika mtasema tatizo ni la ofisi ile, na mimi nasema ni letu sote. Nikakuta foleni imetoka nje hadi chini ya mwembe. Dirishani pamebandikwa karatasi kwa selotepu: MTANDAO HAKUNA. Basi. Hakuna sababu, hakuna saa, hakuna jina la mtu wa kumuuliza.

Mbele yangu alikuwepo mama mmoja, mtu mzima. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Akanieleza kwamba ametoka Mishamo tangu jana yake, anatafuta kontroo namba ya malipo ya mwanaye anayekwenda chuo, na siku ya mwisho ni kesho. Nikamuuliza dada wa dirishani mtandao utarudi lini. Akanijibu kwa upole kabisa: "Kaka, ukirudi tutawaambia." Mama akaitikia kwa kichwa, akajifunga khanga vizuri, akakaa chini. Kama mtu anayesubiri mvua ipite.

Hapo ndipo nilipokasirika. Dada wa dirishani hana kosa, na mama naye hana kosa. Kilichonikasirisha ni ule utulivu wetu. Sisi wote pale chini ya mwembe tulilipokea neno "mtandao hakuna" kama tunavyopokea masika. Jamani, mvua ni kazi ya Mungu. Njia inayopita data kutoka Mpanda kwenda makao makuu ni kazi ya mtu. Kuna mtu aliiandika kwa vidole vyake, ndani ya kifaa kilichonunuliwa kwa fedha, na mtu huyo huyo angeweza kuiandika vinginevyo.

Sasa sikilizeni sehemu inayouma. Mtandao ULIKUWEPO.

Pale ofisini kuna kijana anayepewa vibarua vya kompyuta, tulisoma naye sekondari. Akanipeleka kwenye kabati la mitambo. Ndani yake kuna swichi. Simaanishi ile ya kuwashia taa. Namaanisha lile boksi bapa lenye matundu mengi ya waya, ambalo kompyuta zote za ofisi zimechomekwa humo. Swichi za bei ya chini kazi yake ni kuunganisha kompyuta za jengo moja tu. Hii ilikuwa ya daraja la juu kidogo, ina uwezo pia wa kuchagua njia kama ruta. Kutoka kwenye swichi ile zilitoka njia mbili za kwenda makao makuu: moja ni faiba ya kampuni moja, nyingine ni redio iliyofungwa juu ya paa, inarusha mawimbi hadi mnara wa kampuni nyingine. Njia ya pili ni ya akiba, na inalipiwa kila mwezi.

Faiba ilikatwa Jumatatu asubuhi na watu waliokuwa wanachimba mtaro. Kawaida, hutokea popote duniani. Lakini redio ilikuwa hai! Yule kijana alichomeka kompyuta yake moja kwa moja kwenye kifaa cha redio, akaita mtambo wa makao makuu, ukamjibu mara moja. Njia ipo, imelipiwa, inafanya kazi, na watu sitini wamekaa chini ya mwembe.

Kwa nini swichi haikupita redioni? Jibu lilikuwa ndani ya mlango wa kabati, kwenye karatasi ya zamani iliyotiwa ndani ya nailoni: mpangilio wa swichi kama alivyouacha fundi aliyeifunga. Mstari mmoja tu wa njia. Kwa lugha yetu unasema hivi: kila kinachokwenda makao makuu kipite faiba. Mwisho.

Wataalamu huiita hiyo njia tuli. Umeiandika kwa mkono, inakaa vile vile hadi mtu aje aifute. Faiba ikikatwa, swichi inaendelea kusukuma data kwenye faiba. Utasema, si inaona kwamba imekatika? Hapana, na hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Swichi ile haikuchomekwa kwenye faiba yenyewe. Imechomekwa kwenye kiboksi kidogo kinachogeuza mwanga wa faiba kuwa umeme wa waya. Kiboksi kipo mezani, kimewashwa, waya wa nusu mita kati yake na swichi ni mzima. Kwa hiyo taa ya tundu ni ya kijani. Mtaro uko mtaa wa tatu, faiba imelala imekatika, na swichi inaamini mambo ni shwari. Siku mbili na nusu ilimwaga data shimoni huku taa ikiwaka kijani.

Nikamuuliza kijana, si ubadilishe huo mstari sasa hivi? Akacheka. Nywila ya swichi anayo mtu aliye mbali. Na hata angeipata, upande wa makao makuu nako kuna mstari mwingine tuli unaosema kila kinachokwenda Mpanda kipite faiba. Ombi lingetoka Mpanda kwa redio na kufika, jibu lingerudi kwa faiba na kupotea. Njia ya kwenda na njia ya kurudi ni vitu viwili, na zote lazima zibadilike. Kwa hiyo wakasubiri faiba iungwe. Ikaungwa Jumatano alasiri.

Wasomaji wangu, dawa ya ugonjwa huu ipo tangu kabla baadhi yenu hamjazaliwa.

Inaitwa itifaki ya njia badilifu. Badala ya mtu kuandika njia kwa mkono, swichi na ruta zenyewe zinaambizana njia zipi zipo, na zinabadilisha mawazo hali ikibadilika. Watu wa Mpanda wanaielewa vizuri kuliko wanavyodhani. Kabla ya barabara ya lami ya Tabora–Koga–Mpanda kuzinduliwa mwaka 2022, masika yakija dereva wa basi hakuondoka kibubu. Alimpigia simu mwenzake aliyetangulia: "Oya, Koga panapitika?" Mwenzake akijibu, safari inaendelea. Simu isipopokelewa, au jibu likiwa baya, dereva anafikiria kuzunguka kwa Uvinza, au abiria wanatafuta treni ya Kaliua. Hakuna dereva aliyesema "ratiba yangu imeandikwa Koga, basi nitaingia mtoni." Swichi yetu ndiyo iliyoingia mtoni!

Itifaki kongwe kuliko zote zinazotajwa sana ni RIP, iliyochapishwa kama kanuni ya pamoja mwaka 1988. Hiyo ni ya uvumi. Kila kifaa humwambia jirani yake, kila baada ya sekunde 30, "kwenda mahali fulani kupitia kwangu ni hatua kadhaa." Jirani anaamini, anaongeza moja, anapitisha. Mwisho wake ni hatua 15. Ya 16 maana yake hapafikiki. Kwa ofisi tatu au nne inafanya kazi, ila ikipata habari mbaya inachelewa kuiamini. Jirani aliyenyamaza inamvumilia hadi sekunde 180.

Iliyofuata ni OSPF. Toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1989, na toleo la pili linalotumika hadi leo kwenye mitandao mingi liliandikwa upya mwaka 1998. Hii haiendi kwa uvumi. Kila kifaa kinatangaza viungo vyake chenyewe, na vifaa vyote vinapata ramani moja ya mtandao mzima. Kisha kila kimoja kinapiga hesabu ya njia fupi kwa kanuni ya Mholanzi Edsger Dijkstra. Huyo bwana alisimulia kwamba aliibuni mwaka 1956 kwa dakika kama ishirini, akiwa amekaa mgahawani Amsterdam na mchumba wake wakinywa kahawa. Akaichapisha mwaka 1959.

Na ile simu ya "Koga panapitika?" ndani ya OSPF ipo. Kila sekunde 10 kifaa kinamtumia jirani salamu. Salamu hiyo inapita ndani ya faiba yenyewe hadi upande wa pili, kwa hiyo haidanganywi na taa ya kijani ya kiboksi. Jirani akinyamaza kwa sekunde 40, anahesabiwa hayupo. Ramani inachorwa upya, hesabu inapigwa upya, data inahamia redioni. Makao makuu nako hesabu ile ile inapigwa, kwa hiyo na majibu yanahamia redioni. Sekunde 40 ni viwango vya kawaida tu. Unaweza kuvipunguza, na kuna itifaki saidizi, BFD, iliyowekewa kanuni mwaka 2010, inayogundua kimya ndani ya muda chini ya sekunde moja.

Haya, tupige hesabu ya darasa la nne. Siku mbili ni sekunde 172,800. Gawanya kwa 40. Jibu ni 4,320. Tulikaa chini ya mwembe muda unaozidi mara elfu nne ule ambao mashine ingehitaji kuhama njia peke yake. Na hapo nimeacha ile nusu siku.

Kuandika hayo kwenye swichi ile kungechukua muda gani? Unaiamuru iruhusiwe kuchagua njia. Unaipa kila upande anwani yake. Unawasha OSPF, unataja kwamba mtandao wa faiba na wa redio wote wamo kwenye eneo namba sifuri, ambalo ni eneo la uti wa mgongo. Unaizuia isitume salamu kwenye matundu ya wateja na wafanyakazi. Unaweka nywila ya kutambulishana na jirani. Unafanya vivyo hivyo makao makuu. Kwa fundi anayeijua kazi, asubuhi moja inatosha pamoja na chai.

Sasa najua wapo watakaonirukia. Nawajibu kabla hawajaandika.

Wa kwanza atasema: "Ofisi nyingi za Katavi zina njia moja tu, hiyo OSPF yako ya nini?" Huyu ana haki, na namuunga mkono. Kama una mlango mmoja, mstari mmoja tuli unatosha, na ni mwepisi na salama zaidi. Itifaki badilifu haizai njia, inachagua kati ya zilizopo. Fundi anayekuuzia swichi ya mamilioni kwa sababu "ina akili" wakati una waya mmoja tu wa kutokea anakuuzia dira ndani ya kisima. Mkatalie. Hoja yangu inawahusu wale wenye njia mbili, wanaolipia njia mbili, na wanatumia moja.

Wa pili atasema gharama. Gharama ipi? Redio mnailipia kila mwezi! Njia ya akiba isiyoweza kushika kazi yenyewe ni tairi la spea ambalo limefungwa chini ya gari kwa kufuli na ufunguo uko Dar. Ni kweli, watengenezaji wengine wa swichi huuza uwezo huu kwa leseni ya ziada. Hilo liulizwe siku ya kununua, siyo siku ya kukatika. Na asiye na uwezo wa leseni, zipo programu huria kama FRRouting na BIRD zinazoendesha itifaki hizi hizi kwenye kompyuta ya kawaida bila kulipia hata senti. Kanuni zenyewe za OSPF ni za wazi. Hakuna kampuni inayozimiliki.

Wa tatu ndiye mwenye hoja nzito. Atasema itifaki badilifu ni hatari, kosa la mmoja linasambaa kwa wote. Kweli kabisa. Tarehe 24 Februari 2008 Pakistan Telecom ilitaka kuifunga YouTube ndani ya nchi yao tu, lakini njia ile ya uongo ikavuja kwa itifaki ya BGP, ambayo ndiyo inayounganisha mitandao mikubwa ya dunia. YouTube ikapotea kwa karibu saa mbili sehemu kubwa ya dunia. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook walijikata wenyewe kwa amri moja mbaya, njia zao zikafutika, WhatsApp na Instagram zikalala kama saa sita. Hata OSPF ina mitego yake. Kwenye vifaa vingi vya Cisco kipimo cha kawaida cha gharama kinahesabiwa kwa msingi wa megabiti 100, kwa hiyo faiba ya gigabiti moja na redio ya megabiti 100 zinaonekana sawa, na data inagawanywa nusu kwa nusu kama vile barabara ya lami na njia ya ng'ombe ni kitu kimoja. Usiporekebisha utalaumu redio bure.

Lakini hoja hii inatupeleka wapi? Inatuambia tuwe na watu wanaojua. Haituambii tukae chini ya mwembe. Gari nalo linaua, na hatujarudi kutembea kwa miguu hadi Tabora. Tumefundisha madereva.

Na hapa naomba nigeukie upande mwingine, maana nisije nikaonekana nauza OSPF kama dawa ya Kikombe. Njia mbili lazima ziwe mbili kweli. Nimekutana na wakubwa wanaojisifu wana kampuni mbili za intaneti. Waulize: hizo kampuni zinapita wapi? Kama zote mbili zimekodi nafasi kwenye mkongo ule ule, ndani ya mtaro ule ule, basi una ankara mbili na njia moja. Jembe moja likishuka, zote zinakwenda.

Msidhani hilo ni kosa la ofisi ndogo za mikoani. Februari 2024 nyaya kadhaa za chini ya bahari zilikatika Bahari ya Shamu, mmojawapo ukiwa ni Seacom. Njia ya kaskazini ikawa imejeruhiwa, mzigo ukaegemea kusini. Halafu tarehe 12 Mei 2024, Jumapili, Seacom na EASSy zikakatika zote upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Mnaikumbuka wiki ile. Itifaki zilifanya kazi yake, zilitafuta njia nyingine kama zilivyofundishwa. Tatizo ni kwamba zilizobaki zilikuwa nyembamba kuliko mzigo. Mkongo wetu wa Taifa wa Mawasiliano ulichorwa kwa pete, ili upande mmoja ukikatwa data izunguke upande wa pili, na wazo hilo ni zuri. Wazo hilo hilo ndilo ninalolidai lishuke hadi kwenye kabati la ofisi ya Mpanda.

Tena Mpanda hasa! Mji huu historia yake yote ni historia ya njia moja. Reli ya kutoka Kaliua, kilometa 210, ililetwa huku enzi za Mwingereza kwa ajili ya madini ya risasi, na kwa miaka mingi ndiyo ilikuwa kamba ya kitovu. Ikiliwa na maji, bei ya sukari sokoni inakwambia kabla redio haijatangaza. Wazee wa huku wanajua maana ya kuwa mwisho wa tawi. Mwaka 2012 Katavi ilipotangazwa kuwa mkoa, sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604. Sensa ya 2022 ikahesabu 1,152,958. Watu wamezidi mara mbili ndani ya miaka kumi. Na katika miaka hiyo hiyo karibu kila huduma imehamishiwa kwenye kompyuta: malipo, maombi ya vyuo, vyeti, matokeo. Zamani daftari la karani lilikuwa Mpanda. Leo daftari liko mbali, na kinachotufikisha kwake ni waya. Ukihamisha daftari, ulinde na njia ya kulifikia. La sivyo umemwongezea mama wa Mishamo safari, hujamletea huduma.

Sasa nirudi kwenye ile karatasi ya dirishani, MTANDAO HAKUNA. Maneno mawili yale yanaficha mambo matatu tofauti. La kwanza ni ajali: jembe limeshuka, nanga imeburuta waya, mnara umepigwa radi. La pili ni uzembe: njia nyingine ipo na hakuna aliyeiandika. La tatu ni amri, kama tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilipozimwa nchi nzima na kuanza kurudi siku kadhaa baadaye, mwanzoni mwa Novemba. Hapo hakuna OSPF wala BGP inayosaidia, maana aliyefunga barabara ni yule yule mwenye barabara. Ajali inahitaji fundi. Uzembe unahitaji kiongozi wa kuuliza. Amri inahitaji raia wa kuuliza. Lakini sisi yote matatu tunayabandikia karatasi moja, na kwa hiyo hatuulizi lolote. Neno lisilotaja sababu ni mto laini wa kulalia kwa kila anayestahili kuulizwa.

Basi nataka nini? Mimi ni mwandishi tu, kabati si langu. Lakini naweza kudai, na nyinyi mnaweza kudai pamoja nami.

Kwanza, kila ofisi ya huduma inayolipia njia mbili ifanye jaribio dogo sana. Siku ya Jumamosi, watu wakiwa hawapo, chomoeni faiba upande wa nje, baada ya kiboksi, halafu mtazame saa. Ikifika dakika moja na kazi haijarudi, hamna njia ya akiba. Mna mapambo ya paa. Jaribio hili ni bure, na hakuna semina inayohitajika.

Pili, karatasi ya dirishani iandikwe kwa adabu: kimekatika nini, tangu saa ngapi, nani anashughulikia, turudi lini. Mama wa Mishamo angejua kama alale kwa ndugu yake au arudi nyumbani.

Tatu, na hili ndilo kubwa, acheni kusafirisha ujuzi kwa basi. Mpanda kuna VETA. Mpimbwe kuna kampasi ya Sokoine, ile ya Mizengo Pinda. Vijana wapo wamejaa, yule niliyesoma naye ni mmoja wao, alijua tatizo ni nini ndani ya dakika tano. Alichokosa ni nywila na ruhusa. Mafunzo ya OSPF hayahitaji hata swichi halisi kuanza nayo: kompyuta moja yenye programu huria inatosha kujenga mtandao wa kuigiza, kuukata, na kuutazama ukijiponya. Mkabidhini nywila kijana wa hapo hapo, mwandikieni mipaka yake, mmlipe. Kampuni inayoshinda zabuni ya kufunga mtambo Katavi ilazimishwe kwenye mkataba kuacha mtu aliyefundishwa na mpangilio ulioandikwa, kabla ya hundi ya mwisho.

Kuna watakaosema nimeacha mambo makubwa, nahangaika na boksi la waya. Nimesikia. Lakini mambo makubwa ya nchi hii yanapomfikia mtu wa Mishamo yanapitia kwenye boksi hilo. Sera nzuri, mfumo mzuri, kaulimbiu nzuri, vyote vinakwenda kufia kwenye mstari mmoja ambao mtu aliuandika haraka haraka siku ya Ijumaa ili awahi basi.

Mnataka kujua yule mama aliishia wapi? Jumatano nilimkuta tena pale pale. Alilala kwa mtu wa kwao Makanyagio. Mtandao uliporudi alasiri alipata kontroo namba yake, akalipa kwa simu jioni ya siku ya mwisho, saa chache kabla dirisha halijafungwa. Alifurahi sana, akamshukuru dada wa dirishani, akanishukuru hata mimi ambaye sikufanya lolote. Kisha akaniomba nimwongezee nauli, kwa sababu aliyokuwa nayo ilikuwa ya kulala siku moja.

Nikampa. Na juu ya paa, redio iliyolipiwa ilikuwa bado inawaka.

Nawasilisha. Ukumbi ni wenu.